Punda mchanga kaumia mguu, daktari kasema akae bandani: mwongozo kamili toka siku ya kwanza mpaka anabeba dumu

Wakuu, naandika hii kwa sababu swali ni lilelile huku Mwanza, toka Magu, Misungwi, Kwimba mpaka Sengerema: punda mchanga kaumia mguu, kapumzishwa wiki mbili tatu, kaacha kuchechemea, kafunguliwa, na ndani ya siku chache karudi hawezi hata kukanyaga. Safari hii kaumia zaidi ya mwanzo.

Kosa ni moja. Watu wanadhani kuacha kuchechemea ndo kupona. Hapana. Maumivu yanaisha mapema sana, ule mguu wenyewe ndani bado. Kano, yaani ile kamba ngumu unayoipapasa nyuma ya muundi, ikichanika inajaziwa nyuzi mpya ambazo mwanzoni zimekaa hovyohovyo hazina nguvu, zinahitaji miezi ili zijipange kufuata mstari wa mvuto. Ni kama wavu ulioshonwa jana, ukiutupa ziwani leo samaki watapita palepale.

Kwa makadirio: jeraha la ngozi ni wiki kadhaa. Mfupa uliopata ufa kwa punda mchanga ni miezi mitatu minne hivi kama daktari kaufunga vizuri. Kano ni miezi 6 mpaka 12, na katika hiyo mwezi mmoja au miwili ya mwanzo ndo ya kukaa bandani kabisa. Kama huna huo muda, afadhali umwambie daktari mapema mpange lingine.

Halafu mwongozo huu ni wa punda. Mengi yaliyoandikwa mtandaoni ni ya farasi, na punda ana mambo yake ambayo ukiyapuuza utampoteza hata kama mguu unapona.

## Vitu vya kuandaa kwanza

Usianze nusunusu. Tafuta hivi vyote:

- Banda la kama mita 3 kwa 3, lenye paa
- Matandiko makavu: majani ya mpunga au maranda ya mbao (sio lile vumbi laini la mashine, linamkohoza)
- Ndoo mbili za lita 20, moja ya kunywa na moja ya kazi
- Pamba ya roli nene na bandeji za kuvutika, angalau za miguu miwili
- Chumvi ya mezani, ayodini ya vidonda, glavu
- Kipimajoto cha dijitali, hiki cha duka la dawa kinatosha
- Hatamu pana ya kitambaa au ngozi, sio kamba ya katani inayokata pua
- Kitu butu cha kuchokonolea kwato na brashi
- Mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia samaki au pamba
- Daftari
- Punda mwenzake

Huyo wa mwisho sio utani, nitaeleza. Na tenga hela ya daktari kuja zaidi ya mara moja, maana akija mara moja tu hutajua lini uanze kumtembeza.

## Hatua ya 1: Siku mbili tatu za kwanza

Msimamishe hapohapo. Akiwa na mzigo mshushe, akiwa kwenye mkokoteni mfungue, usimwambie afike nyumbani kwanza. Kama mguu unaning'inia au mfupa umetoka nje, huo sio wa mwongozo huu, mwite daktari wa mifugo saa hiyohiyo, na ukubali kwamba kuna kuvunjika kwingine hakuponi na cha huruma ni daktari amuue bila mateso.

Kama amevimba tu na anachechemea, mwagia maji baridi dakika 15 hadi 20, mara mbili tatu kwa siku, kwa siku mbili tatu hizo. Baridi inapunguza uvimbe, na uvimbe ukiwa mdogo nyuzi zinazoharibika ni chache.

Hapa ndo watu wa huku kandokando ya ziwa wanaharibu. Wanamkokota mpaka ziwani asimame majini. Usifanye hivyo. Kwanza unamtembeza mguu mbovu, pili wewe na watoto mnasimama kwenye maji yenye kichocho, na kuna fukwe zenye mamba. Chota maji umpelekee alipo.

Kama kuna kidonda, chemsha maji lita moja, weka kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, acha yapoe, mwagia mengi mpaka uchafu utoke wote. Usipake majivu, oili chafu, maji ya betri wala kinyesi cha ng'ombe. Hivyo vinaunguza nyama nzima na kufungia uchafu ndani, afu kidonda cha chini ya goti kwa punda kina tabia ya kuota nyama inayozidi ikajaa kama uyoga na ngozi isifunge tena.

Daktari akifika muulize manne: kilichoumia ni nini hasa, akae bandani muda gani, dawa gani kwa siku ngapi, na kinga ya pepopunda. Hilo la nne usiliache. Punda na farasi wanashikwa na pepopunda kirahisi kuliko mifugo mingine, na vijidudu vyake viko kwenye udongo na mavi ya zizi lako.

Mafanikio yanaonekanaje: uvimbe hauongezeki baada ya siku ya tatu, anakula, anakubali kugusa chini hata kwa ncha ya kwato.

## Hatua ya 2: Banda

Banda liwe mahali anapoona wenzake na watu wakipita. Lile la giza nyuma ya nyumba litamfanya apige mateke ukuta siku nzima.

Sakafu ya udongo ulioshindiliwa ni bora kuliko saruji tupu, saruji inateleza ikilowa mkojo na mguu mmoja ukiteleza umerudi sifuri. Kama ni saruji, weka matandiko ya unene wa kiganja chako kikiwa kimesimama wima. Mabati matupu mchana wa Mwanza yanachoma, tandaza nyasi juu. Na kama masika au vuli imekaribia, chimba mfereji kuzunguka sasa hivi, usisubiri maji yaingie usiku.

Pita na mkono ukutani na kwenye nguzo zote kutafuta misumari na waya. Mti wa mlangoni uwe juu kifuani kwake na mwingine katikati, maana akiona wenzake wanatoka malishoni atajaribu kuruka au kupita chini.

## Hatua ya 3: Mwenzake

Punda anashikamana na mwenzake mmoja, mara nyingi mama yake au yule aliyekua naye. Ukimtenga ghafla anasononeka, anaacha kula, na punda akiacha kula mwili unaanza kumwaga mafuta yake kwenye damu kwa wingi mpaka ini na figo vinashindwa. Huo ugonjwa unaua, na unaanza ndani ya siku chache tu. Walionona na majike wenye mimba au wanaonyonyesha ndo wako hatarini zaidi, ila mchanga aliyeshtuka naye hayuko salama.

Kwahiyo mfunge mwenzake jirani. Weka kizuizi cha miti katikati ili wanusane na kukunana shingo lakini wasichezeane. Mwenzake akienda malishoni, aende kwa muda mfupi na arudi.

Kingine, punda ana ujanja wa kujifanya anakula. Anasimama na pua kwenye majani, mdomo unacheza, masikio yamelegea pembeni, ukipita unasema sawa huyu anakula. Jioni majani ni yaleyale, yamelowa mate tu. Ndo maana nimesema mzani. Pima unachoweka, pima kilichobaki.

Mafanikio: anageuza masikio ukija, anapiga kelele muda wa chakula, kilichobaki ni kidogo.

## Hatua ya 4: Chakula

Aliyekaa bandani hafanyi kazi, kwahiyo pumba na mashudu ya pamba punguza mpaka karibu na hakuna. Nguvu nyingi bila kazi inamfanya arukeruke, na kunona kunauelemea mguu.

Punda anakula kama kilo 1.3 hadi 1.8 za chakula kikavu kwa kila kilo 100 za mwili wake. Mwenye kilo 110 ni kama kilo moja na nusu mpaka mbili kwa siku. Sehemu kubwa iwe majani makavu ya mpunga na nyasi kavu safi, ongeza konzi chache za majani makavu ya kunde au karanga kwa sababu bado anakua. Gawa mara nne tano kwa siku, au funga kwenye wavu wenye matundu madogo atoe kidogokidogo, tumbo lake limeumbwa kufanya kazi muda wote.

Maji safi yawepo saa zote, na andika anakunywa ngapi. Asipotembea tumbo linalegea, maji yakipungua mavi yanakauka na kuziba. Weka na jiwe la chumvi.

Haya ni marufuku, na naomba uyasome mara mbili:

- Mahindi au pumba zenye ukungu. Jamii ya punda na farasi inaathirika vibaya mno na sumu ya ule ukungu, inalainisha ubongo, anaanza kuzungukazunguka kama kipofu na anakufa. Ng'ombe akila akabaki mzima usijidanganye.
- Chakula cha kuku wa kisasa. Vingi vina dawa ya kuzuia kuhara damu kama monensini. Kwa kuku ni salama, kwa punda inaua moyo kwa kiasi kidogo sana.
- Majani na mabua mabichi ya mtama. Yanaharibu kibofu na mishipa ya fahamu ya nyuma.
- Lusina, ule mti wa malisho. Mbuzi wanaipenda, yeye itamnyonyoa manyoya ya shingo na mkia.

Mafanikio: mavi ni ya madonge yenye unyevu yanayopasuka yakidondoka. Hesabu ya marundo kwa siku ijue ukiwa bado huna wasiwasi, ili ikipungua nusu ustuke.

## Hatua ya 5: Bandeji

Hapa ndo mikono mingi inaumiza kuliko ajali yenyewe, kwahiyo twende taratibu.

1. Nawa, safisha mguu, ukaushe kabisa. Unyevu chini ya bandeji ni vidonda vipya.
2. Zungusha pamba nene kuanzia chini ya goti mpaka kwenye kifundo cha juu ya kwato. Unene wa vidole viwili ukiibonyeza kidogo. Isiwe na mikunjo.
3. Anza bandeji katikati ya muundi, shuka chini, panda juu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia. Nguvu ileile mwanzo mpaka mwisho.
4. Acha pamba ichungulie kidogo juu na chini, ule ukingo wa bandeji usikate ngozi.
5. Ingiza kidole juu. Kikiingia kwa kubana kidogo ni sawa. Kisipoingia fungua uanze upya, hata kama umechoka.
6. Funga na mguu wa pili wa upande mwingine. Huo ndo umebeba uzito wote saivi, na ndo unaoharibika kimyakimya.

Usitumie mpira wa baiskeli. Najua unapatikana, najua unabana vizuri, ndo shida yenyewe, unabana mpaka damu inakata na kano inakufa. Usifunge bandeji bila pamba. Badilisha kila siku, au muda wowote ikilowa, ikishuka, au akianza kuitafuna. Kama daktari kaweka plasta ngumu usiiguse, ila inuse kila siku na papasa juu yake kama kuna joto.

Mafanikio: ukifungua, ngozi ni kavu, haina mistari mirefu ya kubanwa, na mguu mzuri umebaki mwembamba.

## Hatua ya 6: Dawa

Dawa ya maumivu mpe ile aliyoandika daktari, kwa kipimo chake na siku zake tu. Vidonge vyako vya mgongo usimpe. Zikizidi zinachimba vidonda vya tumbo na kuua figo, na ukimuondolea maumivu yote anasahau mguu na kuruka. Sindano za kuua vijidudu zimalizwe hata kama kidonda kinaonekana safi siku ya tatu.

Kuhusu nzi na kupe: dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitrazi usimnyunyizie punda. Inasimamisha utumbo, na huyu tayari hatembei. Soma lebo, au muulize mwenye duka la dawa za mifugo akuonyeshe jina la kiambato. Zoa mavi asubuhi na jioni, funga chandarua kikuukuu dirishani, nzi watapungua sana.

## Hatua ya 7: Ukaguzi wa kila siku

Asubuhi kabla ya kumpa chakula, muda uleule. Andika kwenye daftari.

- Joto: mkubwa nyuzi 36.2 hadi 37.8, mchanga anaweza kufika 38.9
- Mapigo ya moyo: mkubwa 36 hadi 52 kwa dakika, mchanga 44 hadi 80. Shika mshipa chini ya taya, hesabu nusu dakika zidisha mara mbili
- Pumzi: mkubwa 12 hadi 28 kwa dakika, mchanga 16 hadi 48

Namba za farasi ni tofauti, usichanganye.

Chokonoa kwato zote nne. Harufu mbaya na majimaji meusi katikati ya kwato ni uozo wa unyevu, maana yake matandiko yako hayakauki. Papasa kwato ya mguu mzuri kwa kiganja, joto lisiloisha ni dalili mbaya.

Punda anaficha maumivu. Ukisubiri alie au ajigaragaze utachelewa. Punda aliyenyamaza, kainamisha kichwa, hamtazami mtu, huyo ni mgonjwa sana.

### Piga simu usiku huohuo ukiona

- Hajala kwa nusu siku au zaidi, au anajifanya kula
- Hajatoa mavi toka asubuhi mpaka jioni
- Taya limekaza, masikio yamesimama, ngozi ya ndani ya jicho inafunika jicho
- Anasimama kaegemea nyuma, miguu ya mbele kaitanguliza, hataki kuhama
- Mguu mzuri nao umeanza kuuma
- Plasta inanuka, ina joto, au imelowa kutokea ndani

Kama hamna daktari karibu anza na bwana mifugo wa kata, yeye anajua nani yuko wapi.

## Hatua ya 8: Asichanganyikiwe humo ndani

Mchanga ana nguvu na hana kazi. Mpige brashi mara mbili kwa siku, huo ndo muda wa kumzoeza kuguswa miguu na kuinua kwato, itakusaidia maisha yake yote. Mning'inizie tawi la mti aliozoea kula malishoni atafune magome. Mzoeze hatamu humohumo ndani: hatua moja mbele, simama, rudi. Siku ya kumtoa nje hutaki iwe siku yake ya kwanza kujua kamba.

Watoto wasimpande wala kumchokoza.

## Hatua ya 9: Kumtembeza kwa mkono

Daktari ndo anasema lini, sio jirani na sio kalenda. Akisema ndiyo, ratiba inayofaa kwa kano ni hii:

- Wiki ya kwanza: dakika 5, mara mbili kwa siku
- Kila wiki ongeza dakika 5 kwa kila safari
- Ukifika dakika 30 au 40, baki hapo mpaka daktari amwone tena

Kutembea huku ndo kunakopanga zile nyuzi. Kukaa moja kwa moja nako kunaharibu, zinaponea hovyo na kukaza.

Njia iwe ngumu na tambarare, mstari mnyoofu, kona pana. Ufukweni usimpeleke, mchanga laini unavuta kano kila hatua. Vilima vya mawe navyo viache, na Mwanza unajua jinsi vilivyo. Nenda alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kupiga honi, mwenzake atangulie mbele, na shika kamba mbili, moja kila upande, watu wawili. Akianza kucheza, simama kabisa, usimvute.

Kesho yake asubuhi papasa mguu. Kama kuna joto au uvimbe mpya ambao jana haukuwepo, rudi kwenye muda wa wiki iliyopita na kaa hapo. Ukilazimisha, unapoteza miezi.

Mafanikio: anatembea mwendo uleule mwanzo na mwisho wa safari, kichwa hakinyanyuki kila akikanyaga mguu ule, na asubuhi muundi ni baridi.

## Hatua ya 10: Kiwanja kidogo, kisha kazi

Usimtoe bandani ukamwachia malisho yote. Zungushia eneo la mita 5 kwa 5, mpeleke akiwa ametoka kutembezwa na amechoka kidogo, weka nyasi chini ili kichwa kiende kwenye kula. Wiki mbili tatu hakuna shida, panua. Wenzake wakorofi waje mwisho.

Kuhusu mzigo, kuwa mgumu. Mifupa ya punda bado inafunga mpaka anakaribia miaka minne, kwahiyo mchanga wa miaka miwili hata asingeumia hakutakiwa kubeba. Kwa aliyeumia kano hesabu mwaka mzima toka ajali na miaka minne ya umri, kinachochelewa ndo unachofuata.

Akifika hapo, piga hesabu ya madumu. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, manne ni kilo 80, kwa punda wa kilo 130 huo ni zaidi ya nusu ya mwili wake, na ndo mzigo unaouona kila siku barabarani kutoka ziwani. Wako aanze na tandiko tupu wiki nzima, tandiko nene la magunia lisilogusa uti wa mgongo. Halafu dumu moja la lita 10 kila upande, njia fupi tambarare, siku moja ndiyo siku moja hapana. Baada ya mwezi, kama muundi bado ni baridi kila asubuhi, nenda kwenye lita 20 kila upande, na hapo ndo mwisho wake.